Kwa mnaoniuliza kuhusu kazi ya lori Marekani

Kila tukiongea mnaniuliza mawili: hela ya lori huku ni nyingi kweli, na kwa nini nimeacha safari ndefu nikachukua kazi ya mjini yenye malipo madogo zaidi? Naanza na la pili, maana ndilo lililobadilisha maisha yangu.

Safari ndefu unalipwa kwa maili. Gari likitembea unaingiza. Ukikaa nusu siku nje ya ghala unasubiri kupakuliwa, mara nyingi huambulii kitu. Nyumbani unapaona baada ya wiki kadhaa. Picha zile za theluji mlizozipenda nilipiga jimbo la Wyoming, barabara kuu ya I-80, ambako upepo hulaza tela tupu ubavu na barabara ikafungwa. Baridi nilivumilia. Upweke ndio ulionila. Sisi tuliozoea safari ya Dar–Lubumbashi tulilalamika sana na foleni ya mpakani Tunduma, lakini pale tulikuwa watu: tandiboi yupo, tunapika pamoja kando ya tela, mwenzako akiharibikiwa mnashuka wote. Huku niliweza kumaliza siku nzima bila kuongea na mtu zaidi ya mlinzi wa geti.

Sasa niko Columbus, Ohio, napeleka vyakula madukani kwa tela la friji. Saa kumi alfajiri nazunguka gari na tochi: matairi, breki, taa, mipira ya upepo, halafu nyuzijoto za friji, kwa sababu maziwa na nyama havisubiri. Nalipwa kwa saa, hata zile za kushusha mzigo. Mwanzoni kilichonitoa jasho ni rivasi. Maduka ya zamani yana uchochoro mwembamba nyuma, unaingiza tela kwa upande usiouona kwenye kioo. Mzee mmoja wa kazini alinionyesha wapi pa kuanza kukata kona, duka kwa duka, na hakunifokea hata mara moja. Leo wapokea mizigo wananijua kwa jina, na nikitoka naona watu wanachukua maziwa niliyoyaleta. Saa tisa watoto wakishuka kwenye basi la shule wananikuta nyumbani. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Jambo jingine ninaloliheshimu sana ni sheria ya saa. Kwa zamu moja unaendesha jumla ya saa 11 tu, zote ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Tangu Desemba 2017 magari mengi yanalazimika kuwa na kifaa kinachorekodi muda wenyewe. Nakumbuka huko nyumbani, tajiri mwenye gari akipiga simu usiku, "uko wapi, mbona hujavuka?", na dereva macho mekundu anautafuta mlima wa Kitonga. Tumezika wenzetu kwa simu hizo. Natamani mashine hii iwe kwenye kila kichwa cha lori kinachopanda kwenda Zambia.

Hela ipo, ila kodi ya nyumba, bima ya afya na bima ya gari vinatangulia. Kinachobaki kinatosha kuishi kwa heshima na kutuma kidogo. Hakinunui kiwanja kila mwezi.

Na tafadhali, msimpe pesa wakala anayewaahidi kazi ya lori huku. Agosti 2025 serikali ya hapa ilisitisha viza za kazi kwa madereva wa malori. Tangu Juni 2025 ukisimamishwa barabarani ukashindwa kujieleza kwa Kiingereza, unaondolewa kwenye usukani papo hapo. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na leseni yangu ya malori ya huko nyumbani, daraja E, haikunisaidia kitu. Nilianza upya chuoni kupata CDL, leseni ya huku ya magari makubwa. Ukishapata kazi, kampuni ikitaka kukukopesha lori ulilipe kwa makato, soma mkataba wote kwanza. Najua madereva ambao makato yalimeza wiki nzima.

Aliyeshinda bahati nasibu na anajiandaa kuja, anipigie Jumapili. Tutapitia maswali ya ukaguzi wa gari kwa Kiingereza, kipengele kwa kipengele.