Maswali ya Wasomaji: Poldi, SONP, Rytíři – je, ni klabu moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, na sasa naishi Morogoro. Mjukuu wangu alinisomea habari za mchezaji wa hoki ya barafuni wa nchi ya Ucheki aliyevuka umri wa miaka 50 akiwa bado anaichezea klabu ya mji wa Kladno, aliyoimiliki mwenyewe. Katika orodha ya mabingwa wa zamani klabu hiyo inaitwa mara SONP, mara Poldi, na siku hizi Rytíři. Mimi nina kisu cha mashine ya kukereza vyuma chenye chapa ya kichwa cha mwanamke na nyota, kilichoandikwa Poldi. Je, hizi ni timu tatu au ni moja? Na Poldi ya kisu changu ndiyo Poldi ya hoki?

JIBU: Mzee wetu, tunakushukuru kwa barua yako, na tunafurahi kukuambia kwamba timu ni moja, na Poldi ya kisu chako ndiyo Poldi ya hoki. Kladno ni mji wa makaa ya mawe na chuma, ulioko yapata kilomita 25 kaskazini-magharibi mwa Prague. Mwaka 1889 mwenye viwanda Karl Wittgenstein, baba wa mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, alianzisha huko kiwanda cha chuma cha pua na kukipa jina la mkewe Leopoldine, ambaye kwa kifupi aliitwa Poldi. Kichwa unachokiona kwenye kisu chako, chenye nyota juu yake, ni chapa ya kiwanda hicho. Chuma chake kilisifika kwa ugumu na kilisafirishwa mbali, wala hatustaajabu kwamba kipande chake kimefika mikononi mwa fundi wa Morogoro.

Klabu yenyewe ilianza mwaka 1924, wakati hoki ilipochezwa juu ya barafu ya asili na mechi ilitegemea baridi ya usiku uliotangulia. Miaka hiyo ya mwanzo Kladno haikuwa na makuu. Mambo yalibadilika baada ya wakomunisti kushika dola mwezi Februari 1948, kwani vilabu vya michezo vya Chekoslovakia, nchi ambayo Ucheki ilikuwa sehemu yake hadi mwisho wa 1992, viliwekwa chini ya viwanda, wizara na jeshi, na klabu ya Kladno ikaangukia mikononi mwa kiwanda cha chuma, ambacho tayari kilikuwa kimetaifishwa. Hapo ndipo lilipotoka jina SONP, ambalo ni ufupisho wa maneno ya Kicheki yenye maana ya shirika la umma la viwanda vya chuma vilivyounganishwa. Wewe uliyetumikia reli, na uliyeziona timu kama Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza, utauelewa mpango huo bila maelezo marefu: mchezaji aliandikwa katika daftari la mishahara la kiwanda, na watazamaji walikuwa wafanyakazi wenzake waliotoka zamu.

Sasa tuombe utuvumilie tukae kidogo kwenye mwaka 1959, kwa sababu kwa maoni yetu ubingwa wa mwaka huo ndio mkubwa kuliko yote waliyoipata Kladno, ingawa wengi huusahau. Timu iliyotawala wakati huo ilikuwa ya Brno, iliyoanzishwa mwaka 1953 chini ya wizara ya mambo ya ndani kwa jina la Nyota Nyekundu, nayo ilitwaa ubingwa kuanzia 1955 hadi 1958, kisha ikautwaa tena kila mwaka kuanzia 1960 hadi 1966. Katikati ya mfululizo huo wa miaka 12 pana pengo la mwaka mmoja tu, na aliyelitoboa ni timu ya mafundi wa chuma wa Kladno. Baada ya Brno kuchoka ikaja Dukla Jihlava, timu ya jeshi, ambayo ilikuwa na faida isiyopatikana kwingine: kijana mwenye kipaji alipofikia umri wa kulitumikia jeshi, aliweza kuitwa Jihlava na kuichezea Dukla kwa muda wa utumishi wake. Kushindana na timu ya namna hiyo kwa kutegemea vijana wa mji mmoja wa makaa ya mawe hakukuwa jambo jepesi, na Kladno ilingoja miaka 16.

Ilipofika 1975 ikautwaa ubingwa, na haikuuachia kwa misimu minne mfululizo hadi 1978. Kisha ikaupata tena mwaka 1980. Kati ya hapo, katika msimu wa 1976–77, ilitwaa Kombe la Ulaya, kombe ambalo kwa karibu robo karne lilikuwa mali ya timu za Moscow, na ambalo timu za Chekoslovakia zilizowahi kulichukua ni Brno na Kladno tu. Nguzo ya nyuma ilikuwa František Pospíšil, beki aliyekuwa pia nahodha wa timu ya taifa. Mbele alikuwepo Milan Nový, mfungaji ambaye Wakanada hawamsahau, kwa kuwa mwezi Septemba 1976, katika Kombe la Kanada lililowakusanya wachezaji bora wa dunia, Kanada ilifungwa nyumbani kwake Montreal bao 1–0, na bao hilo la dakika za mwisho lilitoka kwenye gongo lake.

Baada ya mwaka 1989 utawala wa kikomunisti ulianguka, kiwanda kikabinafsishwa, na katika miaka ya 1990 kikaporomoka. Klabu iliyozoea kulishwa na tanuri moja ililazimika kuuza hata jina lake kwa mdhamini mmoja baada ya mwingine, ikaitwa Velvana, ikaitwa Vagnerplast kwa jina la watengenezaji wa mabafu ya plastiki, ikaitwa Rabat, kisha ikaitwa GEUS OKNA, ambapo neno okna ni madirisha. Mwaka 2011 ikapata jina la Rytíři, yaani wapiganaji wapanda farasi waliovaa deraya. Sisi tunaona uchungu kwa klabu yenye historia ya namna hii kutangaza madirisha kwa jina lake, lakini bila fedha za wafanyabiashara hao huenda mjukuu wako asingekuwa na klabu ya kukusomea habari zake.

SWALI: Mchezaji huyo mkongwe ni nani, na kwa nini huvaa namba 68, ambayo hatujaizoea katika michezo?

JIBU: Anaitwa Jaromír Jágr, amezaliwa Kladno tarehe 15 Februari 1972, na aliingia timu ya wakubwa ya mji wake akiwa na umri wa miaka 16. Mwaka 1990 alichukuliwa na Pittsburgh ya Marekani, akatwaa mwaka 1991 na 1992 Kombe la Stanley, ambalo ni kombe la bingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, na katika ligi hiyo alikusanya pointi 1,921, akizidiwa na Mkanada Wayne Gretzky peke yake.

Namba hiyo ina msiba ndani yake. Mwaka 1968 ndio mwaka ambao majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, yaliivamia Chekoslovakia, na ndio mwaka aliofariki babu yake, mkulima aliyenyang'anywa shamba na kufungwa jela na utawala wa kikomunisti. Jágr alibeba namba hiyo Marekani ili mwaka huo usisahaulike.

Ligi ya NHL iliposimama kwa migogoro ya wamiliki na wachezaji, alirudi kila mara Kladno kucheza. Mwaka 2011 akawa mmiliki wa klabu, na umiliki huo haukumletea raha ya haraka: timu ilishuka daraja mwaka 2014, ikapanda 2019, ikashuka tena 2020, ikarudi 2021, na muda wote huo tangu 2018 mwenye klabu alikuwa akivaa viatu vya kutelezea na kuingia barafuni pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Tangu ligi ya Ucheki ianze kujitegemea mwaka 1993, Kladno haijapata ubingwa hata mara moja. Ule wa 1980, wa wakati kiwanda kikiwa bado na moto, ndio wa mwisho hadi leo.