Chanjo zilikuwepo, mbona wapagazi walikufa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Babu wa babu yangu alichukuliwa na Waingereza kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa Afrika Mashariki. Hakurudi. Tuliambiwa alikufa kwa tumbo. Je, enzi hizo hakukuwa na chanjo?

JIBU: Marahaba, na poleni. Chanjo zilikuwepo, ila si za ugonjwa ambao inaelekea ndio uliomuua.

Jeshi lilikuwa na chanjo mbili za kutegemewa. Ya ndui ilikuwa ya majimaji na joto liliiharibu upesi. Mimi hubeba chanjo kwenye kisanduku cha barafu, nyuzi 2 hadi 8, na bado naogopa jua la saa nane. Sembuse safari ya majuma porini. Ya pili, ya taifoidi, ilitengenezwa kwa bakteria waliouawa. Katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, askari wachache tu wa Uingereza walikubali kudungwa, na taifoidi ikaua maelfu.

Lakini "tumbo" la wapagazi kwa kawaida lilikuwa kuhara damu. Kiyoshi Shiga wa Japani alimtambua bakteria wake mwaka 1897, akajaribu chanjo ya bakteria waliouawa, akianza na mwili wake mwenyewe. Sumu yake ilikuwa kali mno, haikufaa. Hata leo sina chanjo ya kuhara damu ya kukupa kliniki. Malaria nayo ilikuwa na kwinini tu; chanjo yake ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, nayo ni ya watoto.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza karibu 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Linaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo hivyo haikuhitaji sindano. Mtu ametua mzigo wa kilo 25 jioni, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria haitoshi. Anameza unga wa mahindi uliopikwa nusu. Utumbo unachubuka, na maji ya kunywa ni ya mto ule ule wanaojisaidia kandokando yake.

Waulize wazee kwenu chakula kilikuwa nini. Kama ni ndizi au wali, yeye alikuwa hatarini zaidi: madaktari wa vita hiyo waliona waliotoka sehemu za ndizi au wali wakiugua haraka kwa unga huo.