Kwa mnaoanza kulima mwani: jifunzeni kuelea kabla ya kufuata kina

Wanangu mnaoanza kulima mwani, wengi wenu mtafundishwa kazi hii kama tulivyofundishwa sisi: kuchomeka vijiti mchangani, kufunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba, kusubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, kisha kutembea hadi shambani maji yakishakupwa. Ndiyo kazi tuliyoizoea hapa Jambiani, Zanzibar, tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na imesomesha watoto wengi. Hata hivyo nawaomba msiishie hapo, kwa sababu bahari yenyewe imekwisha kutuonesha kwamba mahali tulipopazoea huenda pasiendelee kutulisha.

Kotonii, ambao ndio mwani wenye bei nzuri, hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi. Hupauka, ukawa mweupe na kukatika vipande. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, hustahamili zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Anayetaka kotonii hana budi kuufuata kwenye maji ya kina yenye ubaridi, ambako kamba huelea kwa maboya na shamba hufikiwa kwa chombo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwani tumezaliwa pwani na tumefanya kazi baharini umri wetu wote, lakini hatujui kuogelea, na kwa mwanamke hofu ya kina huchanganyika na haya ya mavazi na maneno ya watu. Sikubaliani na wanaoiita hofu hiyo ujinga. Maji huua, na dawa yake ni kufundishwa, si kujitosa.

Anzeni penye maji ya kiunoni, siku ambayo bahari imetulia, mkiwa na mwalimu anayejua kuokoa mtu, mwanamke mwenzenu ikiwezekana. Vaeni nguo za stara zilizoshika mwili, suruali na blauzi ya mikono mirefu, kwa kuwa baibui na kanga hujaa maji na kumlemea mtu. Msikimbilie kupiga mikono. Kwanza zamisheni uso na kupuliza pumzi ndani ya maji, mrudie mpaka moyo uache kwenda mbio. Kisha mtafundishwa kuelea chali: mwalimu atakuwekea kiganja chini ya mgongo, nawe utatamani kunyanyua kichwa uitazame pwani, na papo hapo kiuno kitazama. Legeza shingo, acha masikio yaingie majini, jaza kifua pumzi, na utahisi mwili unabebwa. Nimewaona mabibi wenye wajukuu wakibadilika nyuso kwa dakika hiyo moja, na wengine, baada ya kutoka majini, wakaanza kuuliza kuhusu mambo ambayo hawakuwahi kuyagusa, kama kushika usukani wa mashua au kuweka hesabu za kikundi.

Ukishajua kuelea, bado usiende kinani peke yako. Nendeni wawili au zaidi, mwambieni mtu wa pwani mnarudi saa ngapi, na upepo ukianza kuzidi geuzeni chombo hata kama kamba hazijesha, kwa sababu mwani utaoteshwa tena.

Liko jambo jingine linalotisha kuliko kina kwa baadhi yenu, nalo ni mzani. Mnunuzi anapofika kijijini, wageni wa kazi hii huweka magunia yao na kurudi nyuma, wakingoja kutajiwa kilo zao na wazee. Simama karibu na mzani, usome mwenyewe, uandike kwenye daftari lako, na ukiona tofauti uliza kwa adabu mbele ya wote. Sauti itatetemeka mara ya kwanza. Uliza hivyo hivyo, na mara ya pili mchukue mwenzako aliye mgeni zaidi yako asimame nawe, asome namba kabla yako.