Fomu ya CMA haifuti uchaguzi wa chama cha wafanyakazi

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni mtumishi wa halmashauri huku Urambo, na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu nilipoajiriwa. Majuzi niligombea uenyekiti wa chama ngazi ya wilaya, nikashindwa kwa kura chache sana. Mwenzangu aliyekuwa anatetea kiti alizunguka zahanati zote kwa pikipiki ya chama. Usiku wa kuamkia uchaguzi wajumbe walipewa bahasha, wakaambiwa ni nauli. Mganga mfawidhi mmoja naye aliwataka watumishi wake wamchague huyo huyo. Nimesoma katiba yetu, neno takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, halimo. Kuna jamaa hapa mjini anasema nijaze fomu ya CMA, ataniandalia kwa laki na nusu na uchaguzi utafutwa. Amenishauri pia nijitoe kwenye chama ili viongozi wajue sitanii. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa yaliyokukuta. Laki na nusu yako usiitoe, na kama barua ya kujitoa umeshaiandika, ichane leo. Nianze na fomu, maana kila msimu wa uchaguzi wa vyama ukipita napokea watu kutoka Kaliua, Nzega, hadi Kasulu na Kibondo, kila mmoja na nakala ya fomu hiyo hiyo mkononi, na muda wa rufaa umeshampita.

CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni mahali pa kusuluhisha mwajiri na mwajiriwa. Fomu yao namba moja inataka kujua mwajiri wako ni nani na mgogoro wenu ni wa aina gani. Nimewahi kuletewa moja ambayo jina la chama limejazwa kwenye nafasi ya mwajiri, na neno "uchaguzi" limeandikwa pembeni kwa kalamu kwa kuwa hakukuwa na kisanduku cha kulitia tiki. Mwenye fomu ile alikuwa muuguzi. Alilipa, akaitwa kwenye usuluhishi, upande wa pili ukasema neno moja tu: huyu hatujamwajiri sisi. Mambo yakaishia hapo, na aliyemwandikia hakuonekana tena wala simu hakupokea.

Mgogoro wako una kifungu chake. Ni kifungu cha 53 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Chama kisipofuata katiba yake, Msajili wa vyama hivi au mwanachama anaweza kuomba Mahakama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahakama Kuu, itoe amri inayofaa, ikiwemo kuutengua uchaguzi. Lakini kabla ya kusikiliza, mahakama inataka kujiridhisha kwamba umemaliza taratibu za ndani za chama, au kwamba ni kwa maslahi ya chama chenyewe usikilizwe hata kama hujazimaliza. Wengi wanaisikia hiyo sehemu ya pili na kuirukia. Ukienda nayo, jiandae kueleza chama kitaumia vipi ukisubiri rufaa. Kwamba wewe umeonewa hakutoshi.

Angalia pia maneno yenyewe ya kifungu: chama kisipofuata katiba. Mgombea kuwa na tabia mbaya ni jambo jingine. Kwa hiyo kila lalamiko lako lazima ulishikize kwenye ibara fulani ya katiba au ya kanuni za uchaguzi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 47, inalazimisha katiba ya kila chama kuweka utaratibu wa uteuzi na uchaguzi wa viongozi, kwa hiyo ibara ipo. Unasema umesoma katiba. Je, kanuni za uchaguzi umezisoma? Mara nyingi mambo ya kampeni yako huko: nani asimamie, kampeni zianze na kuisha lini, pingamizi lipelekwe kwa nani na ndani ya siku ngapi. Siku hizo huwa chache. Omba kanuni hizo kwa katibu wako kwa maandishi, kesho.

Sasa pikipiki. Kule Marekani sheria yao ya mwaka 1959 inakataza waziwazi fedha za chama na za mwajiri kutumika kumpigia debe mgombea yeyote wa uongozi wa chama. Watu wanaisoma mtandaoni kisha wananiletea kana kwamba Bunge letu ndilo lililoipitisha. Sheria yetu haina sentensi ya namna hiyo. Imeviachia vyama viweke masharti vyenyewe. Hivyo utafute ibara inayosema mali ya chama itumike kwa shughuli za chama, halafu uthibitishe kwamba safari zile zilikuwa za kampeni. Kiongozi aliye madarakani ana haki ya kutembelea wanachama hata mwezi wa uchaguzi. Kitabu cha safari kikionyesha "kuhamasisha wanachama", na wewe una mashahidi watatu waliokuwepo kwenye zahanati hiyo tarehe hiyo wakasikia kura zikiombwa, hapo una hoja.

Mganga mfawidhi usimrukie haraka. Mara nyingi naye ni mwanachama, na mwanachama ana haki ya kusema anamuunga mkono nani. Akisema hayo wakati wa chai, ni maoni yake. Akiyasema kwenye kikao cha kazi, akatia na neno la uhamisho au la likizo, ameshavaa koti la mwajiri. Sheria inataka chama kiwe huru dhidi ya mwajiri, na Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu imeuridhia tangu 1962, unakataza kuingiliana kwa namna hiyo. Nenda ukaulize yalisemwa wapi na kwa maneno gani, kabla hujamtaja kwenye barua.

Bahasha ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu ya hilo neno takrima. Jamaa yako bila shaka amekwambia kisichokatazwa na katiba ni halali, ndiyo maana umekwenda kulitafuta. Takrima iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi wa kisiasa mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikwenda kinyume na Katiba ya nchi. Miaka yote hii imepita na bado watu wanaitaja kama ruhusa. Mjumbe anapiga kura kwa niaba ya wenzake waliomtuma. Kumpa fedha ili aipeleke kura mahali fulani ni suala la TAKUKURU chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, hata kama katiba ya chama imenyamaza. Piga 113 au nenda ofisini kwao. Ila uelewe kwamba TAKUKURU wanamshughulikia mtu na kosa lake, kiti hawakurudishii. Ukitaka uchaguzi utenguliwe, rufaa ya ndani iende sambamba.

Na uwe makini, kwa sababu nauli halali ipo. Chama kinapoita wajumbe hulipa nauli na posho kutoka kwenye bajeti ya mkutano, kwa karatasi ya kusaini: jina, kituo cha kazi, kiasi, sahihi. Wa kutoka kituo kimoja hulipwa sawa, awe wako au wa mwenzako. Bahasha za usiku ule zilisainiwa? Walipewa wote au baadhi? Nauli halali walilipwa tena kesho yake mkutanoni? Mjumbe mmoja aliyepokea zote mbili na yuko tayari kulisema hilo kwa jina lake ana uzito kuliko kurasa nzima za majungu ya WhatsApp. Kwa kuwa umeshindwa kwa kura chache, hesabu pia: waliopewa walikuwa wangapi, tofauti ya kura ni ngapi. Utaulizwa.

Nataka wengine mnaosoma hapa mlishike hili. Vishoka, yaani wanaojifanya wanasheria, wamejaa kwenye mashauri ya kazi kuliko kwingine kwa sababu sheria, kwa nia njema, inamruhusu mtu awakilishwe kwenye Mahakama ya Kazi na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, hata kama si wakili. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya mfanyakazi asiye na fedha. Leo anaitumia mtu mwenye begi na muhuri wa kuchongesha, anakaa karibu na ofisi za serikali akiuza fomu ambayo hutolewa bure. Anayejiita wakili mwambie akuonyeshe leseni ya mwaka huu. Mwambie pia akutajie kifungu. Akikosa jina la kifungu na ana bei, ondoka.

Ushauri wao wa kujitoa ndio unaomaliza kabisa. Kifungu cha 53 kimetaja Msajili na mwanachama. Aliyejitoa hayumo. Nimewaona watu wenye ushahidi mzuri, karatasi za posho, mashahidi, kila kitu, ambao kwa hasira walisitisha makato ya ada wiki ile ile ya matokeo, kisha wakahamia chama kingine. Hoja ya kwanza ya chama chao cha zamani ilikuwa kwamba wao si wanachama tena, na yale ya bahasha hayakuguswa hata kidogo. Kwa hiyo angalia karatasi yako ya mshahara ya mwezi huu, hakikisha makato ya chama bado yapo, na uitunze nakala. Rufaa ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.