Sukari inashuka, mume wangu hasikii

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ni seremala hapa Majengo, Moshi, na anachoma insulini mwaka wa 20 huu. Zamani sukari ikishuka alitetemeka, akaomba chai. Siku hizi hasikii chochote. Juzi alfajiri nilimkuta shuka limelowa jasho, nikimsemesha anajibu maneno yasiyoeleweka. Shemeji ametuletea kihisi cha sukari cha kubandika mkononi, cha siku 14. Kitamsaidia kweli?
Mama Brayani

JIBU: Marahaba mwanangu. Shuka hilo nalijua. Nachoma insulini tangu usichana, na mimi pia mwili uliwahi kuacha kunipa taarifa. Sukari ikishuka mara kwa mara, mwili huzoea. Adrenalini inayoleta ule mtetemo na moyo kwenda mbio hutoka kwa kuchelewa, au isitoke kabisa. Kwa hiyo usimgombeze, si uzembe wake.

Mbandikeni. Kifaa hicho kinasoma majimaji ya chini ya ngozi, siyo damu, kisha kinapeleka namba kwenye simu. Kama chenu kina kengele, itegemeeni hiyo. Yangu nimeitega ilie sukari ikishuka hadi 5 (kwa kipimo cha mmol/L), nisingoje 3.9, nipate kula kitu kabla akili haijapotea. Usiku simu ilale naye, sauti juu. Na pale karakana, asiwashe msumeno wa umeme kabla hajatazama namba. Hilo nakusihi.

Asikibandike mkono anaoulalia: kikikandamizwa kinasoma chini ya ukweli. Tena huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, hivyo namba isipoendana na hali yake, toboeni kidole.

Akiwa chini ya 4, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Kikiisha na kingine hakijapatikana, mpime kabla ya kulala na saa tisa usiku. Ila kwanza nendeni kliniki na grafu za simu, daktari aangalie dozi ya jioni. Akikaa wiki kadhaa bila kushuka, dalili zaweza kurudi. Mimi zilinirudia nikianua nguo: vidole vilitetemeka, kibanio kikaanguka, na kengele ilikuwa bado haijalia. Niliketi palepale kwenye nyasi nikalia kwa furaha.