Kwa mnaoanza chumba cha eksirei: namba kwanza, picha baadaye

Wanangu mnaoingia mazoezini hapa Malindi, kila kundi jipya huja na kosa lile lile: kuiamini picha kabla ya kutazama namba.

1. Picha safi haina maana kwamba dozi ya miale ni sawa. Enzi za filamu, miale ikizidi filamu ilitoka nyeusi tii, ikipungua ilitoka imepauka. Kosa lilijianika lenyewe. Ditekta ya kidijitali, kibao kinachopokea miale siku hizi, haikwambii hivyo. Programu inasawazisha mwanga, kifua kinatoka kimetulia hata kama mgonjwa amepigwa miale maradufu. Ukipunguza mno, picha inajaa chengachenga na daktari anairudisha. Ukizidisha, halalamiki mtu. Basi mAs, kipimo cha wingi wa miale, inapandishwa kidogo leo, kidogo kesho, na anayeumia ni mtoto asiyejua kusema. Itazameni DI, namba inayoonyesha miale imezidi au imepungua kiasi gani, pembeni mwa picha kila mara: sifuri ndiyo shabaha, +1 ni ziada ya takriban asilimia 26, +3 ni maradufu, -3 ni nusu. Na jamani, mkiona +4 msirudie picha! Kama inasomeka, miale imeshaingia. Kurudia ni kumwongezea. Andikeni, mrekebishe kwa anayefuata. Kolimeta, kibanio cha upana wa miale, ikiachwa wazi, au kukiwa na chuma nyongani, namba hiyo hupotosha.

2. Kipande cha risasi, metali ya kuzuia miale, juu ya kiuno cha mgonjwa. Mwaka 2007 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ilishusha uzito wa tezi za uzazi katika hesabu ya madhara ya mionzi kutoka 0.20 hadi 0.08, na 2019 AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, kikashauri tuache kuzifunika kwa mazoea. Kwenye eksirei ya nyonga, kipande kikiangukia kihisio cha AEC, kinachokata miale chenyewe ikitosha, mtambo unaona miale haijafika na unaendelea kupiga. Kikifunika mfupa, mnarudia. Mama akiomba mwanawe afunikwe, mwelezeni kwa upole. Anayemshika mtoto, yeye avae aproni ya risasi.

3. Kifua: sentimita 180 kutoka mtambo hadi ditekta, mabega mbele, pumzi ndani, mbavu kumi za nyuma zihesabike.

4. Vitu vya mwilini. Pini ya mtandio mtaiona. Fundo la leso chini ya kwapa hutoa kivuli mithili ya uvimbe, na misuko iliyolala mabegani hujichora juu ya ncha za mapafu, pale pale tunapotafuta kifua kikuu. Ibaneni utosini. Hirizi msiikate: “Shikamoo bibi, naomba tuisogeze mkononi kidogo,” na mwenyewe ataisogeza.