Shingo iliyonyooka na hofu ya picha: maswali yenu

Shingo inaniuma wiki ya pili sasa. Nimepigwa eksirei, majibu yanasema shingo "imepoteza mpindo wake wa asili". Je, nitapooza?

Pole sana, na hofu hiyo itue. Shingo ina pingili 7, yaani vifupa vilivyopangana, na ukiitazama kwa ubavu imejipinda kidogo kama upinde, tumbo lake likielekea mbele. Mpindo huo husaidia kubeba kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kupunguza mtikisiko. Lakini watu wengi tu wana shingo iliyonyooka na hawajawahi kuumwa. Tena misuli ikikaza kwa maumivu, huivuta shingo ikanyooka. Hata ukiinamisha kidevu kidogo wakati wa kupigwa picha, mpindo hubadilika. Kwa hiyo maneno yale peke yake si ugonjwa. Mimi humwangalia kwanza mgonjwa, ndipo niangalie picha: anageuza kichwa hadi wapi, anashika kitu kwa nguvu kiasi gani, ganzi iko kidole kipi. Inaniuma kuona mtu kaingia na maumivu ya wiki mbili, katoka na hofu ya maisha yake yote. Maumivu mengi ya shingo hupungua ndani ya wiki chache. Endelea kujongea kadiri unavyoweza.

Mwanangu ana miezi 2, kichwa bado kinaanguka. Mpindo wake utakuja lini?

Mgongo wa mtoto mchanga umejikunja kama herufi C. Mpindo wa shingo huzidi kujijenga kadiri anavyoinua kichwa, na wengi hukaza shingo wakiwa na miezi 3 au 4. Mlaze kifudifudi akiwa macho, nawe uwe karibu. Akilala usingizi, mlaze chali. Akifika miezi 4 kichwa bado kinaanguka, mpeleke kliniki.

Ni kweli simu inaharibu shingo?

Hesabu moja iliyochapishwa mwaka 2014 ilikadiria kwamba ukiinamisha kichwa kwa digrii 60, shingo hubeba mzigo wa kilo 27 hivi. Takwimu hiyo imewatisha wengi, ila shingo imeumbwa iiname. Kinachoichosha ni kukaa vilevile saa nzima bila kujongea. Inua simu karibu na usawa wa macho, na kila nusu saa simama kidogo. Kisha fanya hivi: tazama mbele, rudisha kidevu nyuma taratibu bila kukiinua wala kukiinamisha, kama unayejivuta mbali na mtu aliyekukaribia mno. Utahisi nyuma ya shingo inanyooka. Hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10. Maumivu yakianza kushuka mkononi, acha.

Nilale na mto gani?

Unaojaza nafasi kati ya bega na kichwa ukilala ubavu, kichwa kisining'inie wala kusukumwa juu. Hakuna mto mmoja unaomfaa kila mtu.

Rafiki yangu hunishika kichwa na kukizungusha ghafla mpaka shingo inalia. Napata nafuu. Kuna ubaya?

Mwambie aache, tafadhali. Ndani ya matundu ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini mshipa ukichanika huweza kuleta kiharusi, hata kwa kijana.

Maumivu yanashuka kutoka shingoni hadi mkononi na vidole viwili vina ganzi. Nisubiri?

Huenda diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, au mfupa uliokua pembeni unaubana mshipa wa fahamu. Wengi hupona bila upasuaji, ila nenda ukapimwe wiki hii. Lakini vidole vikianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, miguu ikawa mizito au ukayumba ukitembea, au mkojo ukakushinda kuuzuia, uti wa mgongo wenyewe, lile shina la mishipa ya fahamu, unaweza kuwa umebanwa. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama shingo imeumia kwa ajali au kuanguka, usiigeuzegeuze. Tulia mpaka upate msaada.